Usiguse ugali, pima mtungi wa mafuta kwanza

Hiyo chai ya kupunguza tumbo usiifungue. Mrudishie kocha wako pakiti ikiwa nzima, tuzungumze.

Dada wa Migosi, Kisumu, nimesoma swali lako nikachemka. Umetoka kilo 96 hadi 84 kwa miezi mitano, mizani imekwama wiki ya tatu, na kocha wa gym amekuandikia dawa: ugali uache kabisa, ule mlo mmoja kwa siku, ukimbie kupanda kilima cha Riat alfajiri kisha jioni urudi gym, na chai ununue kwake. Njia ya huyo kocha naijua mpaka inakoishia: misuli imekwisha, magoti yanalia, na kilo zimerudi zikiwa na jamaa zake.

Amekuambia eti mwili wako "umezima". Mwili haujazima kitu. Kwa kila kilo inayotoka, matumizi ya mwili hushuka kalori 20 hadi 30 hivi kwa siku. Wewe umetoa 12, kwa hiyo weka kama 300. Kama ulianza na upungufu wa 500 kwa siku, yaani unakula kalori 500 chini ya unazotumia, sasa umebaki na 200. Na njaa nayo imepanda zaidi ya hapo, ndiyo maana mkono unaongeza tonge bila kukuomba ruhusa. Upungufu wa 200 ukiushika kila siku bila kukosa unayeyusha gramu 180 hivi za mafuta ya mwili kwa wiki. Wiki tatu ni nusu kilo. Maji peke yake hupandisha mizani kilo moja au mbili: omena ya chumvi jana usiku, siku za kabla ya hedhi, mapaja yanayouma kwa zoezi jipya. Huenda hujakwama hata kidogo, ila nusu kilo yako imefunikwa na maji, na mtu anataka kukuuzia chai juu yake.

Sasa nije kwenye kosa linalogharimu watu miaka. Mizani ikisimama, kila mtu anakimbilia kukata kile anachokiona kwenye sahani. Ugali unaonekana, mweupe, mkubwa kama kofia, basi unahukumiwa. Mafuta ya kupikia hayaonekani. Umeandika mwenyewe, tena kwa kupita tu, kwamba nyumba yenu ya watu watano humaliza mtungi wa lita 3 kila wiki mbili. Hapo ndipo nilipoacha kusoma nikachukua kalamu.

Mililita 100 za mafuta ya kupikia ni kama kalori 820. Lita 3 ni 24,600. Gawa kwa watu watano, gawa kwa siku 14: kalori 350 kwa kila mtu, kila siku, kabla hujahesabu unga wala samaki. Huo upungufu wako wa 200 umemezwa na bado kuna chenji. Na hapo nimegawa sawasawa, jambo ambalo sufuria haifanyi. Mafuta hukaa chini na mchuzi, na anayefuta sufuria na tonge la mwisho ni mpishi. Usinikasirikie, wapishi wote tunajuana.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema hata mkinichoka: usikate chakula chochote kabla hujapima mafuta siku 14. Nunua chupa ndogo ya lita moja, ijaze kutoka kwenye mtungi, ikiisha ijaze tena ukihesabu mara ngapi, bandika plasta ubavuni na uchore mstari palipofika mafuta kila Jumapili jioni. Chochote kinachopikwa nyumbani kitoke kwenye chupa hiyo peke yake. Ukikaanga samaki au mandazi, pima kilichoingia kwenye karai, kikipoa pima kilichobaki, utoe. Tofauti ndiyo mliyokula. Wanaonunua ya kupimiwa dukani nao wafanye hivyo hivyo, wasitegemee kukumbuka walichukua ya shilingi ngapi.

Tena achana na kumimina. Kijiko cha mezani kilichojaa sawa ni mililita 15, kalori 120. Mkono unaomimina kutoka kwenye mtungi hutoa vitatu au vinne huku mwenyewe akiapa ni kimoja. Si uongo wa makusudi. Kuna utafiti wa New York uliochapishwa 1992, wakachukua watu walioapa wanakula chini ya kalori 1,200 na hawapungui. Walipopimwa, miili yao ilikuwa inachoma kawaida kabisa. Walikuwa wanakula karibu maradufu ya walichoandika, na mazoezi wameyaongeza kwa nusu. Wakweli wote, hawana mizani ya jikoni tu.

Jikoni fanya hivi. Sukuma ya watu watano inatosha kijiko kimoja cha mezani: kaanga kitunguu kwa moto mdogo, tia nyanya na chumvi kidogo, funika zitoe maji yake, ndipo uweke sukuma uifunike dakika tatu. Inashika chini kwa sababu moto ni mkali, si kwa sababu mafuta ni machache, kwa hiyo punguza moto na uongeze maji vijiko viwili. Omena ioshe kwa maji ya moto mara mbili, ikauke, kisha ikaange kavu kwenye karai bila mafuta kabisa, moto mdogo, ukigeuza mpaka ianze kulia. Halafu nyanya, dania, ndimu. Ngege (tilapia) mbichi ana kalori zisizofika 100 kwa gramu 100 za nyama. Ukimzamisha kwenye mafuta halafu ukamrudisha tena kwenye mchuzi wenye mafuta, kama wanavyofanya kwenye vibanda vya samaki, hiyo ni hesabu ya mnyama mwingine. Mchome au mchemshe. Ukienda kula nje, omba wa kuchoma, na mchuzi uuache sahanini. Utachekwa. Cheka nao.

Ugali utaupima kwa unga mkavu, kwa sababu maji hubadilika kila upishi. Gramu 100 za unga wa mahindi ni kama kalori 360, pakiti ya kilo 2 ni 7,200. Hesabu pakiti imetoa sahani ngapi, gawa. Ikitoa 15, kila sahani ni 480. Ukiona ni nyingi toa robo. Robo, si yote! Mtu akiacha ugali kabisa anashuka kilo mbili wiki ya kwanza, kocha anapigiwa makofi, kumbe ni wanga uliokuwa umehifadhiwa kwenye misuli umeondoka na maji yake, gramu 3 hivi za maji kwa kila gramu ya wanga. Siku ya harusi ukila pilau yanarudi yote, unalia.

Na hiyo chai. Nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa inayokufanya uharishe. Inafanya kazi kwenye utumbo mkubwa, chakula kikiwa kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kalori umebaki nazo, umepoteza maji na potasiamu, halafu unatumwa kupanda Riat alfajiri moyo ukidunda ovyo. Mtu anayeuza hiyo na kujiita kocha angefungiwa ndani ya choo alichowapeleka wateja. Mlo mmoja pamoja na mazoezi mara mbili hukupeleka huko huko kwa barabara nyingine: mwili unakula misuli, mchana unakaa kila unapopata kiti, unapanda boda pale ulipokuwa unatembea, na kupungua kwa kasi hivyo kunaweza kukuletea mawe kwenye nyongo. Kule Minnesota, Marekani, mwaka 1945, katika utafiti wa njaa, walipunguziwa chakula vijana 36 kwa miezi sita huku wakitembea sana. Matumizi ya mwili yalishuka kweli, lakini waliendelea kukonda. Miguu ikavimba maji, na maji hayo yakaficha kwenye mizani sehemu ya uzito walioupoteza.

Kujipima: kila asubuhi, ukitoka choo, kabla ya chai, mizani juu ya sakafu ya simiti na si zulia. Jumlisha namba saba, gawa kwa saba, linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita. Wewe mwanamke linganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Zungusha futi kiunoni, usawa wa kitovu, mara moja kwa wiki. Wastani ukisimama wiki nne na futi nayo imesimama, na mafuta umeshayapima, hapo ndipo umekwama, na hapo unatoa kalori 200 tu kwa siku, au unakula vya kutosheleza mwili wiki mbili upumzike kisha unarudi. Protini gramu 100 hivi kwa siku, kunyanyua vyuma mara mbili au tatu kwa wiki, hatua zako za kutembea zisipungue. Sindano ya kupanga uzazi ya miezi 3 ikiwa umeanza karibuni, mwambie nesi, kuna wanaoongezeka nayo.

Jumapili ijayo leta hapa mstari wa kwanza na wa pili wa chupa, mlikuwa wangapi mezani, na siku mlizokaanga, tugawe pamoja.