"Msagaji" ni tusi au si tusi? Jibu langu kwa mleta mada

Mleta mada, umeuliza hivi: mwenzako kazini alikukaripia ulipomwita "msagaji", ilhali kwenye status yake ya WhatsApp umemwona yeye na marafiki zake wakiitana hivyo hivyo na kucheka. Unataka kujua lipi ni lipi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa niko Nairobi nafanya kazi ya tafsiri, na neno hilo nimeitwa mara nyingi kuliko ninavyopenda, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Kwa kifupi, ni tusi, na yeye anaruhusiwa kulitumia.

Litazame lilivyoumbwa. Msomaji husoma, mwindaji huwinda, mchinjaji huchinja. Msagaji naye ametajwa kwa tendo, na tendo lenyewe ni la chumbani. (Hata Waarabu wana sihaq, na mzizi wake ni huo huo wa kusaga.) Mke wa mtu hatambulishwi harusini kwa anachofanya na mumewe usiku. Huitwa mama fulani, au mke wa bwana fulani, yakaishia hapo. Sisi tunaitwa kwa kitanda. Ndiyo maana linauma hata likitamkwa kwa upole. Nesi mmoja aliwahi kuniuliza "kwani wewe ni msagaji?" mbele ya foleni nzima, bila ukali wowote, akiwa ameshika kalamu tayari kuandika. Sikurudi tena kwenye kliniki ile.

Halafu kuna wale watakaokuja hapa chini kusema mambo haya yameletwa juzi na televisheni. Msomi mmoja wa Vienna, Haberlandt, aliandika kuhusu Zanzibar mwaka 1899, na neno kusagana limo katika maandishi yake. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Gill Shepherd akachapisha makala kuhusu Mombasa, akawaeleza wasagaji, baadhi yao mabibi wenye mali waliowatunza wanawake wengine majumbani mwao. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kwetu cheo cha mtu kilikuwa na uzito kuliko jinsia yake. Naamini, maana mtaani kwetu bibi wa namna hiyo aliamkiwa shikamoo na kila mtoto, na neno lenyewe lilisemwa kwa kunong'ona akishapita. Usoni mwake hakuna aliyethubutu.

Na msisahau kwamba maneno huhama. Mama yangu mpaka leo anamwita jirani yake "shoga yangu", maana yake rafiki wa kike wa kupikiana na kusutana. Ukifika bara, neno hilo hilo ni tusi kwa wanaume wanaopenda wanaume. Mgeni wa kutoka bara akikaa kibarazani kwetu husikia mambo ya ajabu.

Sasa, hili suala la "kulikomboa" neno, yaani wanaotukanwa kulichukua tusi na kujiita kwa fahari. Watu hupenda mfano wa Marekani, na ni mfano mzuri, ila wanausimulia nusu. Huko tusi la wasagaji lilikuwa "dyke". Mwaka 1976, kwenye maandamano ya wapenzi wa jinsia moja San Francisco, wanawake wachache wakajipanga mbele kabisa na pikipiki zao, na kikundi chao kikaja kujulikana kama Dykes on Bikes. Mbele si kwa majivuno tu, bali pikipiki haipendi kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Miaka mingi baadaye wakataka kulisajili jina lao kama alama ya biashara. Ofisi ya serikali ikakataa, ikisema ni neno la kuwadhalilisha wasagaji, yaani wao wenyewe! Walipeleka ushahidi hadi ofisi ikalegea mwaka 2005, kisha mwanamume mmoja akapinga, na mwaka 2007 mahakama ikamtupilia mbali. Hivyo ndivyo tusi lilivyokombolewa: barabara ya wazi, polisi wa kuwalinda badala ya kuwapiga, mawakili, na miaka zaidi ya thelathini.

Linganisha na hapa kwetu. Mwaka 2012 wakili Eric Gitari alianza kutafuta usajili wa shirika la haki za wapenzi wa jinsia moja. Majina aliyopendekeza yalikuwa na "gay" na "lesbian", maneno ya adabu kabisa ambayo hata balozi huyatamka. Msajili akayakataa. Kesi ikapanda ngazi zote mpaka Mahakama ya Juu ya Kenya, na tarehe 24 Februari 2023 majaji watatu dhidi ya wawili wakasema kumnyima usajili kulivunja katiba. Ikiwa jina la heshima limekula zaidi ya miaka kumi, hilo la matusi atalikomboa nani, na wapi? Zanzibar ndiyo usiseme. Sheria ya mwaka 2004 iliwataja wanawake waziwazi, kifungo hadi miaka mitano. Mahali ambapo neno linaweza kukufikisha kwa sheha na kisha polisi, huwezi kulichapisha kwenye fulana.

Uganda walipita njia nyingine, na mimi naiona bora. Wapenzi wa jinsia moja kule walikuwa na neno lao la kujiita, kuchu, lililozungumzwa baina yao, na halikutoka mdomoni mwa mtu aliyewachukia. Halikuhitaji kuoshwa. Mwanaharakati Kasha Jacqueline Nabagesera na wenzake walipoanzisha chombo chao cha habari wakakiita Kuchu Times. Neno hilo limefika Kenya na Tanzania pia, ingawa hapa Nairobi wasichana wa rika la chini kwangu wanapenda zaidi "lesbo", na "tomboi" kwa anayevaa kiume. Tomboi halinisumbui. Hilo lingine silipendi, lakini hawajaniuliza.

Kwa hiyo ulichokiona WhatsApp ni chumba kidogo. Watu wanaojuana, ambao kila mmoja ameshapigwa nalo, wanalichezea wakiwa wamefunga mlango. Kuona status hakukufanyi uwe mmoja wao. Kwenye kazi yangu naandika "wapenzi wa jinsia moja", ingawa linanichosha, linasikika kama kichwa cha fomu. Kwenye maongezi inatosha kusema mpenzi wake ni mwanamke, na mara nyingi hata hilo halina sababu ya kusemwa.

Jambo la mwisho, na ndilo la haraka. Hukutuambia ulilisema mbele ya nani. Kama bosi au wenzenu walisikia, usiende kumwomba radhi mbele yao, utawafanya waanze kuuliza walichokuwa hawajakigundua. Mtafute pembeni, umuulize nani hasa alisikia, na yeye akuambie anataka uwaambie nini.