Neno la rais kabla ya jeshi

Ndugu yangu, umeuliza iwapo kauli ya rais juu ya balaa la nchi jirani ina faida yoyote isipoambatana na jeshi. Mimi naona inayo, na ushahidi tunao hapa Uganda. Mwaka 1975, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Kampala na Idi Amin akakalia kiti cha uenyekiti, Tanzania ya Mwalimu Nyerere, pamoja na Zambia na Botswana, ilisusia mkutano ule, wakati viongozi wengi walikaa kimya kwa hoja ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kususia huko hakukumng'oa Amin, lakini kuliwaonyesha wenzetu waliokimbilia Dar es Salaam kwamba kilio chao kimesikika. Jeshi la Tanzania lilikuja baadaye, Amin alipoivamia Kagera, huko Tanzania, mwishoni mwa 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Gharama yake ilikuwa kubwa: mji wetu wa Masaka ulibomolewa vibaya, na marehemu bibi yangu alitunza kitasa cha mlango, kitu pekee alichookota kwenye kifusi cha nyumba yake.