Maswali ya Ujenzi: Paa la kitambaa lisilojaa maji

*Assalamu alaykum. Nina nyumba ya wageni Jambiani. Uani penye meza za kulia, mita 6 kwa 7, nilifunga turubai la lori kwenye nguzo nne. Masika yalipoingia lilijaa maji katikati na nguzo mbili zikapinda. Naambiwa kuna mapaa ya kitambaa cha kuvutwa. Yana tofauti gani, na pwani yatafaa? (Msomaji, Jambiani)*

Waalaykumu salaam. Yanafaa sana. Mahujaji wetu wanaoshukia Jeddah hupita chini ya paa la namna hiyo: mahema 210 ya nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon, yaliyofunguliwa mwaka 1981 kwenye jangwa lenye jua kali kuliko letu.

Kilichokuponza ni umbo. Pembe zote zikiwa kimo kimoja kitambaa hulala bapa, maji yakatuama, na yakituama hulichimba bonde zaidi. Kina cha sentimita 10 kwenye mita 2 za mraba tayari ni kilo 200.

Zipandishe pembe mbili za mshazari hadi mita 4, na nyengine mbili zibaki mita 2.5. Kitambaa kitapinda kama tandiko la punda: huku kinabonyea, huku kinabinuka. Upepo ukikinyanyua, upande mmoja unakaza; mvua ikikilemea, unakaza mwengine, na maji yanakimbilia pembe za chini. Weka ndoo au mfereji hapo.

Kingo hazikatwi nyoofu. Huingizwa ndani kiasi cha asilimia 10 ya urefu wake, yaani sentimita 60 kwa upande wa mita 6, na ndani ya pindo hupita waya wa chuma. Kwa hivyo mita zako 42 za mraba zitabaki kama 30 za kivuli. Fundi akikuahidi kingo nyoofu, mkatalie. Zitapigapiga kwa kila upepo mpaka kitambaa kichanike.

Wengi hukosea ardhini. Upepo wa mita 30 kwa sekunde husukuma kwa kilo 55 hivi kila mita ya mraba, kwa hiyo paa lako lenye uzito usiofika kilo 30 linaweza kuvutwa juu kwa zaidi ya kilo 1,600. Msingi hapa kazi yake ni kuzuia nguzo zising'oke. Zege la sentimita 80 kwa 80, kina cha mita 1, lina tani 1.5, anzia hapo kwa kila nguzo, kisha mhandisi akupigie hesabu ya mchanga wenu, maana nguzo huvutwa na kwa ubavu pia. Ziinamishwe nje nyuzi 5 hadi 10.

Chukua poliesta iliyopakwa PVC, gramu 900 hivi kwa mita ya mraba, ya aina isiyoshika moto upesi, viungo vyake viunganishwe kwa joto. Uzi wa kushonea huoza juani na matundu ya sindano huvuja. Wavu wa kivuli ni rahisi zaidi na hupitisha hewa, lakini mvua itawanyea wageni wako. Pingu, waya na skrubu za kukazia ziwe chuma kisichoshika kutu daraja la 316. La 304 huanza madoa ya kutu mapema kwa chumvi ya bahari.

Kaza kidogo kidogo, pembe kwa pembe ya mshazari. Mikunjo inayotoka kwenye pembe ni dalili kwamba mvuto haulingani. Rudia kukaza baada ya wiki chache, kwani kitambaa kipya hulegea.

*Naweza kufunga paa kama hilo juu ya dari ya nyumba ya Mji Mkongwe, nikipigilia bolti ukutani? (Msomaji, Shangani)*

Ukutani usipigilie. Kuta za mawe na chokaa hubeba uzito wa kushuka, ila kuvutwa haziwezi: bolti itatoka na jiwe lake. Nguzo zisimame kwenye fremu ya chuma yenye uzito wake, baada ya mhandisi kukagua boriti za dari. Na kabla ya kununua hata mita moja ya kitambaa, peleka mchoro Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe upate kibali.