Funika hiyo makingi skimu kabla hujapoteza muhula mzima

Irudishe skimu, yaani ule mwongozo wa kusahihisha wenye majibu, kwenye bahasha kwanza. Umeandika kwamba uko Kidato cha Tatu, umenunua rundo la karatasi za KCSE (mtihani wa kumaliza Kidato cha Nne Kenya) za miaka iliyopita huko mjini, na kila usiku utasoma majibu ya maswali kumi ya aljebra. Halafu unauliza ununue kalkuleta gani na ugawe vipi muda kati ya aljebra na jiometri. Kusoma majibu kumi si mazoezi, mdogo wangu. Ni kumtazama mtu mwingine akila.

Ukisoma tu, kila mstari unakubalika. Chukua hii:

(x + 3)/2 − (x − 1)/3 = 4

Skimu itakuandikia 3(x + 3) − 2(x − 1) = 24, kisha x = 13. Unatikisa kichwa, unafungua ukurasa. Lakini nani aliyeamua kuzidisha kwa 6? Si wewe. Nani aliyekumbuka kwamba hata ile 4 inazidishwa? Si wewe. Na pale wengi wanapoangukia, −2 mara −1, pamerukwa, maana skimu iliandikiwa mtahini ajue M1 (alama ya njia) inakaa wapi na A1 (alama ya jibu sahihi) wapi. Haikuandikwa ikufundishe. Kwenye karatasi tupu ndipo utaandika 3x + 9 − 2x − 2 = 24, upate 17, na hapo ugonjwa wako umejitokeza. Kwa kusoma usingeuona hata ungekesha mpaka KCSE yenyewe.

Na hao wa tuisheni ya likizo wanaokwambia "pitia skimu tu, maswali hujirudia", wanajua wanachofanya. Anayesoma majibu hutoka akijiona ameelewa, na anayejiona ameelewa hulipa tena wiki ijayo. Kinachojirudia ni mbinu. Watahini wakihamisha x ikakaa chini ya sehemu, yule aliyekariri mistari hana pa kushika.

Sheria yangu ni moja: skimu haifunguliwi kabla hujapachika jibu lako kwenye swali. Pachika 13: 16/2 − 12/3, yaani 8 − 4, ni 4. Sawa. Pachika 17: 10 − 16/3, haifiki hata 5 wala si 4. Umekosea, na hujamuuliza mtu.

Kosa liko mstari gani? Usifute kazi yote. Weka x = 1 upande wa kushoto wa kila mstari. Swali lenyewe linatoa 2, na kwa kuwa umezidisha kwa 6, mistari inayofuata lazima itoe 12. 3(x + 3) − 2(x − 1) inatoa 12, nzuri. 3x + 9 − 2x − 2 inatoa 8. Basi umeharibu wakati wa kufungua mabano, wala si kwenye sehemu. Liandike hilo nyuma ya daftari kwa jina lake, "ishara mbele ya mabano", usiandike "uzembe".

Ukikwama dakika 15, fungua mstari mmoja tu wa skimu, funika, malizia mwenyewe. Swali hilo bado hujalifanya mpaka ulirudie baada ya siku mbili kwenye karatasi tupu. Maswali manne kwa usiku yanatosha, tena yachanganye, kwa sababu 121/1, karatasi ya kwanza ya hisabati ya KCSE, haikwambii swali limetoka mada gani.

Kuna mahali kupachika hakukuokoi: x² = 5x. Ukigawanya kwa x unapata 5, unapachika, inakubali, nawe umeshaitupa 0. Kila ukiona x², leta vyote upande mmoja, x(x − 5) = 0, na uhesabu majibu: yawe mawili, au jibu moja linalojirudia, au uweze kueleza kwa nini hakuna.