Muulize Fundi: Vinaili juu ya zege, kuna haja ya kupiga mbao?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina nyumba Kigamboni, ya chini tu haina ghorofa, sakafu ni niru ile iliyopigwa polishi nyekundu miaka na miaka. Nataka niweke vinaili zile za vipande vya kubana, zenye sura ya mbao, sebuleni na chumbani kwetu. Seremala ananiambia lazima kwanza apige mbao za mbili kwa mbili chini nzima, juu yake plaiwudi, ndo vinaili ikae. Nimeangalia video za Wamarekani kweli nao wanafanya hivyo. Ila gharama imenitisha, alafu kuna kona moja ya chumbani kila masika niru inageuka nyeusi. Nifanyeje?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Nzuri dada yangu. Wewe hiyo kona umeitaja mwishoni kabisa ila mimi naanza nayo, maana yenyewe ndo inayoamua kila kitu.

Zege linaonekana gumu lakini lina vitundu vidogo vidogo, unyevu wa ardhini unapanda kupitia humo mpaka juu alafu unakaushwa na hewa, ndo maana miaka yote hiyo hujaona shida zaidi ya weusi wa masika. Sasa ukilifunika na vinaili, ambayo ni plastiki, unyevu unakosa pa kutokea. Ukikuta niru tupu utaleta harufu na ukungu, na kama umebandika kwa gundi itaachia. Ukikuta mbao ndo balaa, mbao inaunywa, inavimba, inaoza taratibu huko chini na juu huoni kitu, na mchwa wa Kigamboni sina haja ya kukuhadithia. Yaani seremala wako hajatibu unyevu hapo, kaupelekea chakula.

Hao wa kwenye video wengi wanatengeneza vyumba vilivyo chini ya ardhi, kwenye nchi za baridi, zege linawagandisha miguu kwahiyo wanatafuta joto na ulaini wa kukanyaga. Wana sababu yao. Sisi hapa mwezi wa pili watu wanahama kitandani wanalala chini kwenye niru makusudi wapate ubaridi, sasa wewe ulipe hela ndefu kuukimbia?

Kwahiyo kabla hujanunua chochote, pima. Kwangua polishi sehemu mbili, moja hapo kwenye kona na nyingine katikati ya sebule (usipokwangua, polishi itaziba na utadanganyika), kata nailoni nzito ya kuona ndani, sentimita 45 kwa 45, ibandike kwa selotepu pana pande zote nne hewa isipite. Iache angalau masaa 16, mi napenda siku mbili au tatu kabisa. Ukiibandua ukakuta matone upande wa chini, au niru pale imekuwa na giza kuliko pembeni yake, unyevu upo. Na upime wakati wa mvua, sio mwezi wa nane kila kitu kimekauka, hapo hata kona yako itafaulu.

Unyevu ukionekana kwenye kona tu, toka nje uangalie. Mara nyingi utakuta bafu liko nyuma ya huo ukuta na bomba linavuja, au udongo wa nje umepanda ukazidi usawa wa sakafu ya ndani, au kuna maua yanamwagiliwa kila jioni pale pale ukutani. Tengeneza hilo kwanza, subiri pakauke, pima tena. Ukionekana mpaka katikati ya sebule, basi unatoka chini na hapo mbao usahau, aidha sakafu ipakwe dawa ya kuzuia unyevu inayokaa juu ya zege au uachane na vinaili uweke tailizi.

Pakiwa pakavu, mbao za nini? Vinaili ya kubana inakaa juu ya zege moja kwa moja, inachotaka ni pawe pamenyooka. Chukua rula ndefu ya aluminiamu ya mafundi wa plasta, mita 3, ilaze huku na huku uone mwanga unapopita chini yake. Vinaili nyingi zinavumilia shimo la kama milimita 5 kwenye urefu huo, soma karatasi ya kwenye boksi lako. Panapozidi jaza simenti ya kusawazishia, vinundu vipigwe grenda. Na ukutani acha nafasi ya milimita 6 mpaka 10 kuzunguka chumba chote, plastiki inatanuka kwa joto, hasa hapo kwenye mlango wa kioo unaopigwa na jua la jioni. Skatingi itaficha.

Kuna sehemu moja tu mi huwa nakubaliana na mbao, pale sebule imezama na mtu anataka ilingane na koridoni. Kama ndo kwako, na kipimo kimetoka kikavu, mwambie atandaze nailoni ya maikroni 250 chumba kizima, vipande vipishane sentimita 15 au zaidi na vigundishwe, na ipande kidogo ukutani. Juu yake mi nisingepiga mbili kwa mbili, kwasababu ili zitulie atazitobolea kwenye zege, na kila tundu ni njia ya maji. Nachukua plaiwudi ya milimita 12 tabaka mbili, ya juu inalala kukatisha ya chini, zinafungwa zenyewe kwa zenyewe kwa skrubu fupi za milimita 20 zisifike kwenye nailoni. Kati ya plaiwudi na plaiwudi acha milimita 3, kwenye ukuta sentimita 1. Zisianze zote mstari mmoja, zipishane kama matofali. Akikuletea MDF au chipubodi kwa kuwa ni bei rahisi, mrudishie, zile zikionja maji tu zinavimba na hazirudi.

Hiyo inapandisha sakafu kama inchi moja na kidogo. Ya seremala ingepanda sentimita 7, hapo ukate milango, ukate geti la chuma la mlangoni ambalo halikatwi kwa randa, na shemeji akiwa mrefu aanze kuinama chini ya pangaboi.

Alafu mwambie na dada wa kazi, deki ya kumwaga ndoo basi. Tambara likamuliwe.

SWALI: Shikamoo fundi. Sisi tayari tulishapigwa mbao na plaiwudi, juu vinaili ya kutandika ile ya roli. Haijafika mwaka, ukitembea inalia kwe kwe na mistari ya plaiwudi inaonekana juu.
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba. Kulia ni misumari, imeanza kucheza kwenye matundu yake, au kuna ncha za plaiwudi zinaning'inia hazijakaa juu ya mbao. Mistari ni kwasababu waliibananisha bila nafasi, ikatanuka ikasukumana, na vinaili ya roli ni nyembamba haifichi kitu. Funua pembeni ukutani ushike plaiwudi kwa mkono. Ikiwa kavu na haina madoa una bahati, ng'oa misumari upige skrubu, pembeni kila sentimita 15 na katikati kila 30, alafu msasa kwenye viungo, jaza, msasa tena. Ikiwa nyeusi au inanuka, toa yote mpaka kwenye zege, usikubali fundi akwambie ataweka nyingine juu yake.

SWALI: Niko flati Upanga, ghorofa ya tatu, tailizi za zamani. Naweza kuweka vinaili juu bila kuzing'oa?
Msomaji, Upanga

JIBU: Unaweza, kwako unyevu wa ardhini haupo. Zigonge moja moja kwa mpini wa bisibisi, inayotoa sauti ya utupu ing'oe ujaze simenti. Mistari ya kati ya tailizi nayo ijazwe iwe sawa, la sivyo itajichora juu. Kama sio yako omba ruhusa kwa mwenye nyumba kwanza, na kapeti la mlangoni lenye mpira kwa chini usiliweke juu ya vinaili, mpira unaacha doa la njano halitoki kwa sabuni yoyote, tafuta la kitambaa.