Wazee walikuja mara mbili, kisha wakapotea

SWALI: Chama chetu cha akina mama hukutanisha wazee na watoto kanisani kila Jumamosi mchana. Watoto huimba, wazee hupewa soda. Walianza wakiwa kumi na watano, sasa wanakuja wanne. Shida ni nauli? – Mama wa chama, Kondele, Kisumu

JIBU: Nauli inachangia, Mama, ila sisi tunashuku zaidi vile viti mnavyowakalisha. Mtu mzima akiimbiwa saa mbili nzima anakuwa mgeni tu, na ugeni huchosha. Wapeni kazi.

Anzeni na bustani ya gunia. Mboga za kienyeji wanazijua kuliko nyinyi, na gunia likifika kiunoni hakuna wa kupiga magoti. Changanyeni ndoo mbili za udongo kwa moja ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza miche. Simamisheni katikati ya gunia mkebe uliotolewa kitako, mjaze mawe ya ukubwa wa ngumi, mzungushie udongo, kisha mvute mkebe juu na kurudia hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Wengi hutia changarawe ndogo, udongo unaziba, juu panaoza na chini panakauka. Toboeni ubavuni kila sentimita 20 mpande sukuma wiki; managu yakae juu. Mzee aelekeze, mtoto abebe maji.

Kabla ya bustani, mazoezi dakika kumi. Kiti kiegemee ukuta. Mzee asimame na kukaa mara 8, apumzike, arudie. Halafu ashike meza nzito, kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine, sekunde 10, kisha abadilishe. Mtoto ahesabu. Kwa waliotimiza miaka 65, Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya mizani ya mwili (kusimama bila kuyumba) na ya nguvu angalau siku 3 kwa wiki, kwa hiyo Jumamosi pekee haitoshi: mtoto wa jirani apite Jumatatu na Jumatano jioni kumhesabia.

Anayemeza dawa za presha asiinuke ghafla. Akishikwa na kizunguzungu akae, na kliniki waambiwe. Mwenye sukari anayetumia dawa asifanye mazoezi na njaa. Uji kwanza, na hiyo soda iondoeni.

Hamieni saa tatu asubuhi, kabla jua halijawaka, tena nje: kelele za watoto chini ya mabati humfanya mwenye masikio mazito akae kimya, nanyi mkadhani amenuna. Jozi za mzee na mtoto zisibadilishwe kila wiki. Na kwa dani (bibi) asiyezungumza Kiswahili, mtafutieni mtoto anayejua Dholuo.