Maswali na Majibu ya Kigoma-Ujiji: Kiwanja cha Mbali, Njia Zilizobanwa na Mitaro

Swali: Nimepanga chumba Mwanga kwa 50,000 kwa mwezi. Nimepata kiwanja nje ya mji kwa bei ya chini sana. Nijenge chumba kimoja nihamie? (Mpangaji, Mwanga)

Jibu: Umepiga hesabu ya kodi, ya boda hujapiga. Tuseme kwenda ni 1,500 na kurudi 1,500: kwa siku 26 za kazi ni 78,000. Hapo hujaweka mtoto wa shule, dumu la maji, wala usiku wa ugonjwa ambapo boda anataja bei anayotaka. Kununua nunua, lakini kabla ya kuhama tembea kwa miguu kutoka kiwanjani hadi kwenye maji, shule, zahanati na daladala. Kinachozidi nusu saa utakilipia kila mwezi. Na usitoe hela kabla ofisi ya ardhi ya manispaa haijakuonyesha kiwanja hicho kwenye mchoro wa mipango miji. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaonyesha kwamba mmeuziana. Hauonyeshi kwamba pale si barabara.

Swali: Jirani ameongeza ukuta, njia yetu imebaki mita moja. Anasema eneo ni lake. (Wakazi, Gungu)

Jibu: Huenda ni lake kweli, na ndiyo shida ya mitaa yetu: kila mtu alinunua hadi alipoishia mwenzake, njia hakununua mtu. Mita moja inamtosha mtu na ndoo kichwani. Jeneza halikati kona hapo, gari la kunyonya choo halifiki, na nyumba ikiwaka mtazima kwa mabeseni. Msigombanie ukutani. Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa, muombe manispaa iwaingize kwenye urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutambua rasmi mitaa iliyojengwa bila mpango. Kabla wapimaji hawajaja, kubalianeni wenyewe: kila upande uachie mita mbili kutoka katikati ya njia, njia iwe ya mita nne, na kila mwenye nyumba asaini. Bikoni, yaani alama za mipaka, zikishachimbiwa na njia ikaingia kwenye ramani, kuisogeza si kazi ya usiku mmoja tena. Anayegoma mwambieni kwamba nyumba isiyofikika kwa gari hushuka bei. Hilo huwaingia kuliko nasaha.

Swali: Nataka kujenga vyumba vya kupangisha karibu na Ziwa Tanganyika, Kibirizi. Niache umbali gani?

Jibu: Mita 60, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Naulizwa hili kila msimu, na waulizaji wengi wameshamwaga msingi. Ziwa lilipopanda 2020 na 2021 halikuomba kibali cha mtu.

Swali: Mtaro wa mbele ya duka letu uko wazi, watoto wanatumbukia. Tumwage zege juu yake?

Jibu: Msimwage zege la moja kwa moja! Mchanga wa mlimani utajaa chini, hamtaweza kuuzoa, na mvua ya kwanza kubwa itaingia dukani. Fyatueni vifuniko vya kunyanyuka. Kwa mtaro wa sentimita 60, kifuniko kiwe na urefu wa 80, upana wa 50 na unene wa 10. Zege ni ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Nondo za milimita 12 zikatize mtaro kila sentimita 15, zikae chini, sentimita mbili na nusu kutoka kwenye kitako. Mafundi wengi huzilaza juu, na kifuniko hupasukia tumboni, kwa sababu uzito ukipita upande wa chini ndio unaovutika. Wekeni ndoano mbili za kunyanyulia, mwagieni maji siku saba, msipitishe mzigo kabla ya siku 28. Gari lisipite juu yake hata hapo. Unene huo ni wa watu na pikipiki. Zoeni mchanga Oktoba, kabla mvua hazijakolea.

Swali: Barabara yetu haina kivuli. Tupande mti gani? (Ujiji)

Jibu: Mwembe, nanyi mnayo ya kuigia kwenye njia ya zamani ya misafara. Umbali mita 10 kati ya mti na mti, mashimo ya sentimita 60 kila upande, mbali na nyaya za umeme. Zungushieni uzio miaka miwili, maana mbuzi wa mtaani hana mwenyewe mpaka agongwe na gari.